Bei ya kumtunza mzee iandikwe waziwazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa maoni nichangie mjadala ambao kila mwisho wa mwaka, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, huibuka upya katika vikao vya familia na kisha kuzimika bila uamuzi mara magari yanapoanza kushuka kurudi Dar es Salaam: mzee atabaki na nani, na nani atalipa. Maoni mengi ninayoyasoma kuhusu jambo hili huishia katika lawama, ama kwa watoto wanaodaiwa kuusahau uchungu wa mama, ama kwa wale wanaothubutu kutamka neno makao ya wazee mbele ya wajomba. Lawama hizo zinatuzuia kuuliza swali ambalo ni rahisi kulisema lakini gumu kulijibu, nalo ni hili: kumtunza mzee asiyejiweza hapa Moshi au Arusha kunagharimu shilingi ngapi kwa mwezi, na fedha hiyo inanunua nini hasa.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Kwa desturi ya Wachaga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi, akarithi kihamba walichokalia, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, na pamoja nacho akarithi wajibu wa kuwatunza hadi siku ya kuwazika. Watu hupenda kuusifu utaratibu huo kuwa ni upendo mtupu, lakini mimi nauona pia kuwa ulikuwa mapatano ya haki, kwa maana aliyetoa matunzo alipata ardhi, na kila mtu katika ukoo alilijua hilo. Leo kitinda mimba ni mwajiriwa Dodoma au Mwanza, mkewe naye ana kazi yake, na kihamba kimegawanywa mara nyingi kiasi kwamba hakiwezi kumlisha mtu mmoja, sembuse kumlipia mlezi. Hata hivyo mapatano yale hayakufutwa rasmi na yeyote, bali yamebaki upande mmoja tu: mwenye haki ya kurithi bado anaidai haki yake, ilhali matunzo yamemwangukia binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, au mjukuu aliyekosa nafasi ya chuo, au msichana wa kazi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine ambaye hajui hata jina kamili la bibi anayemwogesha.

Huyu msichana wa kazi ndiye anayeficha bei halisi. Familia nyingi husema kwamba makao ya wazee ni ghali kwa sababu huyalinganisha na mshahara wa mlezi mmoja wa nyumbani, na hapo ndipo hesabu inapokosewa. Wiki moja ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki, pamoja na likizo ya mwaka yenye malipo ya siku 28. Ukigawanya 168 kwa 45 unapata karibu watu wanne. Mzee aliyepooza upande mmoja anapaswa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya mgandamizo. Anapaswa kusafishwa, kulishwa taratibu asije akapaliwa, kupewa dawa zake za presha kwa wakati na kuinuliwa akae. Kwa hiyo tunaposema kwamba tumepata mlezi kwa shilingi elfu themanini au laki moja kwa mwezi, tunachosema ni kwamba tumepata mtu mmoja afanye kazi ya watu wanne na asilale. Unafuu huo tunaojivunia katika vikao unalipwa na usingizi wa binti wa watu, na akichoka akaondoka bila kuaga, tunamwita mhuni.

Sisemi kwamba kila nyumba iajiri watu wanne, kwa kuwa wachache mno wanaoweza. Ninachoomba ni kwamba zamu zihesabiwe waziwazi, pamoja na zile za ndugu wasiolipwa, ili ijulikane nani anakesha usiku gani. Kisha ziongezwe gharama zile ambazo hutokea vipandevipande na kwa hiyo hazionekani. Mzee anayetumia pampasi tatu kwa siku hutumia 90 kwa mwezi, na ukizipata kwa Sh 1,500 moja, hiyo ni Sh 135,000 kabla hujanunua sabuni, mafuta ya kupaka, glavu, uji wa lishe, maji ya moto ya kuogea katika baridi ya Juni na Julai, godoro la hewa, na gari la kukodi la kumteremsha kutoka Kibosho au Marangu kwenda kliniki, kwa sababu mzee asiyeweza kukaa hapandi Hiace. Katika familia yangu, tulipoyaandika haya yote katika daftari moja, aliyeshangaa zaidi ni kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akitoa fedha nyingi kuliko wote na kuamini kwamba zinatosha na kubaki.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba bima ipo. Bima ipo, na ni jambo jema. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia huduma za afya bila malipo kwa wazee wasio na uwezo wenye umri wa miaka 60 na zaidi, madirisha ya wazee yapo hospitalini, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini bima yoyote ya afya hulipia matibabu: daktari, vipimo, dawa, upasuaji, kitanda cha wodi. Hailipii mtu wa kumnawisha mzee uso asubuhi, wala wa kumwongoza chooni. Mzee aliyepata kiharusi akitibiwa vizuri hospitalini na kuruhusiwa, bima inakuwa imemaliza kazi yake hasa siku ambayo kazi ya familia inaanza.

Kasoro hii si yetu peke yetu. Marekani, ambako ndugu zetu wengi wanadhani wazee hutunzwa na serikali, mpango wa Medicare, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, haulipii malazi na matunzo ya kila siku katika makao ya wazee wanaohitaji msaada mdogomdogo, na familia nyingi huligundua hilo zikiwa tayari zimechelewa na kulazimika kuuza nyumba ya mzazi. Japani walichukua njia nyingine: tangu mwaka 2000 wana bima ya matunzo iliyo kando na bima ya matibabu, ambayo kila mtu huanza kuichangia akifikisha miaka 40, na ambayo hulipia sehemu kubwa ya huduma za nyumbani na za vituoni. Naitaja Japani ili ieleweke kwamba matunzo yanaweza kuhesabiwa na kuchangiwa kama jambo linalojitegemea, hata kama sisi hatujafika huko. (Pembeni kidogo: vijana wetu wengi walioko ughaibuni wanafanya kazi ya kuwatunza wazee wa wenzao kwa zamu, kwa mkataba na kwa mshahara wa saa, kisha kutoka katika mshahara huohuo wanatuma fedha nyumbani ambako bibi yao anatunzwa bila zamu, bila mkataba na bila hesabu. Hao ndio wangekuwa walimu wetu, lakini hatuwaulizi ila fedha.)

Jambo jingine linalosahauliwa katika bei ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita dimenshia. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta ugonjwa huo kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi, yaani karibu mmoja kati ya kumi na sita. Huyu hahitaji kugeuzwa kitandani. Miguu yake ni mizima, na hiyo ndiyo shida, kwa kuwa anaweza kutoka saa tisa usiku akifuata njia ya soko alilokuwa akienda miaka hamsini iliyopita, au kuacha moto wa kuni unawaka jikoni, au kumtuhumu mlezi kwamba ameiba shilingi ambazo yeye mwenyewe amezifunga katika ncha ya kanga. Mlezi wa mzee wa namna hii lazima awe macho na awe mtu mzima kiakili. Tena wazee hawa, kumbukumbu zinapopungua, mara nyingi hurudi katika lugha ya utotoni, na mama aliyezungumza Kiswahili fasaha maisha yake yote huanza kuomba maji kwa Kimachame au kwa Kimeru. Ndiyo maana ninapochagua mlezi au makao, swali la lugha kwangu linatangulia rangi ya kuta na ukubwa wa bustani.

Nije sasa kwenye makao yenyewe. Serikali ina makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali, na kwa upande wetu wa kaskazini yanajulikana yale ya Njoro mkoani Kilimanjaro na ya Magugu mkoani Manyara. Haya yamewekwa kwa ajili ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza, na sera ya mwaka 2003 yenyewe ilisema kwamba familia ndiyo yenye jukumu la msingi na kwamba makazi ni njia ya mwisho kabisa. Siupingi msimamo huo. Lakini kati ya mzee asiye na mtu na mzee mwenye watoto matajiri wanaoweza kumjengea nyumba na kuajiri wauguzi, kuna kundi kubwa la wazee wenye watoto wanaoweza kuchangia kiasi, lakini ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuacha kazi akae naye. Mwalimu mstaafu, mjane wa karani wa ushirika wa kahawa, fundi aliyesomesha watoto wanne: hawa hawastahili kuchukua kitanda cha asiye na mtu, na hawana mahali pengine palipo wazi, isipokuwa nyumba chache za mashirika ya dini na za watu binafsi ambazo habari zake hupatikana kwa kuambiana.

Nilitembelea nyumba mojawapo ya hizo za watu binafsi hapa Arusha, ambayo sitaitaja jina. Bei niliyopewa kwa simu ilikuwa ya kuvutia, lakini nilipofika na kuuliza, nilielezwa kwamba pampasi ni za familia, dawa ni za familia, gari la hospitali ni la familia, na kwamba mzee anayelishwa kwa mpira hulipiwa nyongeza ambayo kiasi chake hutajwa baada ya kumwona. Hapakuwa na karatasi yoyote iliyoonyesha hayo. Sidhani kwamba wenye nyumba ile ni watu wabaya. Wahudumu wao walikuwa wapole na sakafu ilikuwa kavu na safi. Lakini mtu anayeuza huduma ya mwezi hadi mwezi kwa watu walio katika dhiki anapaswa kuandika anachouza, kama vile muuza saruji anavyoandika uzito kwenye mfuko.

Kwa faida ya wasomaji wanaotafuta mahali pa kumpeleka mzee, nataja yale ambayo nimeyaona kuwa na uzito zaidi kuliko maneno ya kukaribishwa. Ulizeni nani yupo saa nane usiku, anahudumia wazee wangapi, na kama ni muuguzi aliyesomea au ni mlinzi mwenye funguo. Fikeni bila taarifa wakati wa chakula cha jioni, muone kama wazee wasioweza kujilisha wanalishwa au sahani zinarudi jikoni zimejaa. Kwa heshima na kwa ruhusa, mtazame visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo ya mzee aliyelala muda mrefu, kwa sababu vidonda vya hapo ndivyo vinavyosema ukweli kuhusu zamu za usiku. Choo kiwe cha kukaa, kiwe na chuma cha kushikilia, na kisiwe na ngazi ya kupanda. Ulizeni dawa zinatunzwa wapi na zinaandikwa wapi zikishatolewa. Ulizeni kama padri, mchungaji au shehe anaruhusiwa kuja, na kama mzee anayefunga au anayekula chakula cha aina fulani atasikilizwa, na kama mtori, yaani supu nzito ya ndizi, hupikwa, kwa maana mzee wa Kichaga aliyenyimwa ndizi kwa wiki nzima huanza kukataa chakula chote na watu wakadhani ni ugonjwa. Mwisho ulizeni jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: mzee akifariki katikati ya mwezi, fedha ya siku zilizobaki inarudishwa au hairudishwi, na akiugua ghafla nani ana mamlaka ya kuamua apelekwe hospitali ipi.

Na mzee mwenyewe aulizwe. Inashangaza jinsi kikao cha watu ishirini kinavyoweza kujadili maisha ya mama siku nzima, naye amekaa pale barazani anasikia, na asiulizwe kama anataka kulala chumba kimoja na mtu mwingine au peke yake. Mwenye akili timamu ana haki ya kukataa, hata kama kukataa kwake kunatugharimu.

Kuhusu kulipa, ushauri wangu ni kwamba familia ianze na fedha ya mzee mwenyewe kabla ya michango. Kama ana pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii, PSSSF au NSSF, itumike kwa matunzo yake, na ijulikane nani anashika kadi ya benki na anatoa hesabu kwa nani. Wakati mzee bado ana uwezo wa kuelewa na kutia saini, aende kwa wakili akaandike hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia fedha zake, na aulize kama hati hiyo itabaki na nguvu akipoteza kumbukumbu, kwa kuwa akishapoteza kumbukumbu hawezi tena kutoa idhini inayoaminika, na hapo ndugu huanza kushtakiana. Uhakiki wa wastaafu nao usisahauliwe, hasa mzee akihamishwa mji, kwa sababu asipohakikiwa malipo yanaweza kusimamishwa. Kama ana vyumba vya kupangisha, kodi iende huko huko. Baada ya hapo ndipo pengo linalobaki ligawanywe kwa watoto, si kwa usawa wa vichwa bali kwa uwezo, na yule anayetoa siku zake badala ya fedha ahesabiwe kuwa ametoa, tena kwa thamani ya mlezi wa kulipwa. Tunajua kuchanga. Msiba ukitokea, kundi la familia kwenye simu hukusanya mamilioni kwa usiku mmoja, mahema yakapatikana, sare zikashonwa, na mpiga picha za video akalipwa. Mzee yuleyule, miezi michache kabla, alikuwa akilalia shuka lililoloa kwa sababu mchango wa pampasi ulikuwa na watu wawili tu waliotuma.

Kwa wasio na pensheni, ambao ndio wengi vijijini, michango peke yake haitatosha. Zanzibar walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Sh 20,000 kwa mwezi bila kujali kama alikuwa mwajiriwa, na baadaye kiwango hicho kikapandishwa hadi Sh 50,000. Kwa bei ya pampasi niliyoitaja, Sh 50,000 ni matumizi ya siku kumi na moja tu. Lakini ni fedha inayokuja kila mwezi kwa jina la mzee mwenyewe, na mlezi anayejua kwamba kuna kitu cha uhakika kitakachoingia hupanga tofauti na yule anayengoja ujumbe wa simu kutoka kwa mtoto aliye mbali. Huku Bara mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unazifikia kaya maskini, lakini hauwahesabu wazee kwa uzee wao.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji la Arusha, kwa Manispaa ya Moshi na kwa halmashauri za wilaya zinazoizunguka miji hiyo ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Maofisa ustawi wa jamii waandae orodha ya makao yote ya wazee yaliyosajiliwa katika maeneo yao, ikionyesha idadi ya vitanda, idadi ya wahudumu wa mchana na wa usiku, bei ya mwezi na yale yaliyomo na yasiyomo katika bei hiyo, pamoja na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kila makao yatakiwe kuwa na mkataba wa maandishi kwa Kiswahili, unaosema ni notisi ya muda gani itatolewa kabla ya kupandisha bei. Orodha hiyo ibandikwe katika ofisi za kata, na nakala zake ziwekwe katika wodi za Mawenzi, KCMC na Mount Meru, mikononi mwa maofisa ustawi wa jamii wa hospitali, ili mtu anayeambiwa siku ya Ijumaa kwamba baba yake ataruhusiwa Jumatatu awe na mahali pa kuanzia kuuliza.

Wako,
Mstaafu,
Njiro, Arusha